Ushauri: ziara ya MBA Rwanda siku 9, mteja ni kituo cha kuoshea kahawa

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Tuko wanafunzi 18 wa MBA hapa Dar. Sehemu ya kozi ni kwenda Rwanda siku 9 kumfanyia mteja kazi ya ushauri. Mteja ni ushirika wenye kituo cha kuoshea kahawa, Mkoa wa Kusini. Swali tulilopewa: "kuongeza mapato ya ushirika". Ratiba inasema tuondoke Aprili 5 kwa basi. Kazi tuianzie wapi?

Mzani
Anza kwa kubadilisha tarehe, mkuu. Aprili 7 inaanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, inaisha tarehe 13. Huo si wakati wa kumkalisha mtu umuulize mahesabu. Mavuno ni Machi hadi Juni hivi, kwa hiyo nendeni Mei. Mkisogeza hadi Septemba mtakuta vichanja vya kuanikia kahawa vitupu na walinzi. Ila Jumamosi ya mwisho wa mwezi msiweke kikao cha asubuhi. Ni umuganda, watu wote wako kwenye kazi za jamii hadi saa 5.

Kichanja
"Kuongeza mapato" hiyo ni dua, si swali. Kabla hamjaondoka ombeni daftari la manunuzi la msimu mmoja: kilo za matunda mabivu kwa siku, na kilo za kahawa kavu yenye ganda iliyotoka. Kwa kawaida kilo 5 hivi za matunda zinatoa kilo 1 ya kahawa ya ganda. Tuseme kituo kilinunua kilo 60,000, kikapaswa kutoa 12,000, kikatoa 10,000. Hizo 2,000 zimekwenda wapi? Hapo ndipo mna swali la siku 9.

Majibu yana njia chache. Mzani wa kupokelea unasoma zaidi. Matunda mabichi na mapepe (matupu ndani) yananunuliwa kwa bei ile ile kwa sababu mabichi hayachambuliwi kwa mkono, na mapepe hayapitishwi kwenye maji yakaelea yakatolewa. Kahawa inaanikwa kupita kiasi: unyevu ukishuka hadi asilimia 9 badala ya 11 au 12, uzito unapotea bila mtu kuiba. Au imeibwa kweli. Nendeni na jiwe la mzani la kilo 20 lililohakikiwa na kipima unyevu cha mkononi. Vifaa hivyo viwili vitawaeleza mengi kuliko dodoso la kurasa 12.

Daraja la Rusumo
Kuhusu basi: Dar hadi Kigali ni zaidi ya siku nzima barabarani. Kwa siku 9 panda ndege, au ukubali kupoteza tatu. Mkipita mpaka wa Rusumo, muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Rwanda vyote vinagongwa ng'ambo, upande wa Rwanda, msihangaike kutafuta dirisha huku. Raia wa Afrika Mashariki halipii viza. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, wenzetu waliipiga marufuku tangu 2008.

Kingine kinachoharibu vikao vya mtandaoni kabla ya safari: Kigali iko nyuma yetu saa moja. Saa 3 asubuhi yao ni saa 4 yetu. Kwenye mwaliko andikeni saa zote mbili.

Mzani
Halafu watu 18 msimwagike kituoni siku moja, mtasimamisha kazi. Sita wakae na karani ofisini, sita mapokezi ya matunda (mzigo huja alasiri hadi usiku, msiende asubuhi), sita kwa wakulima. Mada ya mwisho iwasilisheni siku ya 7, sio ya 9, ili mwenye kituo apate muda wa kubisha nanyi mpate muda wa kurekebisha. Mwachieni faili la Excel lenye fomula zinazofanya kazi, slaidi 40 hazitafunguliwa tena.

Mleta uzi
Asanteni sana, tarehe tunaisogeza. Kiswahili si lugha rasmi kule? Mkalimani wa nini?

Kichanja
Ni rasmi tangu 2017, lakini mkulima wa mlimani anaongea Kinyarwanda. Wekeni mkalimani mmoja kwa kila wanafunzi 2 au 3, na mumlipe nyie. Akilipwa na ushirika, mkulima atamwona mtu wa ofisi na bei ya kweli aliyopewa hataitaja. Na asiwe karani wa mzani, tafadhali.