Naomba ushauri: flashi ya nje ya manyuali au ya otomatiki?

MwangazaMdogo
Salaam wanajukwaa. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, na leo nimelazimika kuandika kwa sababu nimekwama na muda unanibana. Ninataka kujua ni ipi inayofaa zaidi: flashi ya manyuali, ambayo mpigapicha mwenyewe huchagua nguvu ya mwanga kuanzia kamili, nusu, robo, na kuendelea kushuka hadi 1/128, au flashi ya otomatiki yenye TTL, ambayo kamera ndiyo huipimia nguvu. Kamera yangu ni ya kubadilisha lenzi, na mwisho wake kwa flashi ni kasi ya shata (mlango unaofunguka na kufunga ili mwanga uingie) ya 1/200 ya sekunde. Kwa upande wangu naelekea zaidi kwenye manyuali, kwa kuwa naona ndiyo yenye uhakika, ila sitaki kuja kujuta. Tafadhali nisaidieni.

MzeeWaShata
Karibu, ndugu. Jibu langu ni manyuali, na sina sababu ya kuzunguka. Anayeanza na otomatiki hujifunza kubonyeza tu, na siku kamera inapokosea hajui hata pa kushika. Mimi nilikaa mwaka mzima nikipiga kopo lililowekwa juu ya kiti, nikisogeza flashi hatua moja baada ya nyingine na kuandika kila kipimo kwenye daftari. Vijana wa sasa hawana subira hiyo, na inaonekana kwenye picha zao. Jifunze mwanga kwanza, kifaa kitafuata.

TunduPana
Mkuu, mimi ningekushauri uachane na flashi kabisa. Tafuta lenzi ya f/1.8, yaani yenye tundu pana, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, upige kwa mwanga uliopo. Ngozi ya mtu chini ya mwanga wa dirisha haina mfano wake, na hakuna flashi itakayokupa ule ulaini. Tangu nilipoweka flashi yangu kabatini sijawahi kuikumbuka.

DadaLenzi
Ndugu mleta mada, hujatuambia jambo ambalo ndilo linaloamua yote: unapiga picha za nini, na je, wanaopigwa watakuwa wametulia au wanatembea? Bila hilo kila mmoja wetu atakujibu kuhusu kazi yake mwenyewe.

MwangazaMdogo
Ahsanteni nyote. Mzee, nimekuelewa, na maneno yako yamenipa nguvu. Dada, ni kazi za kawaida za ukumbini, watu wa aina zote. Ila nadhani swali langu ni la jumla, yaani ubora wa mfumo mmoja dhidi ya mwingine.

DadaLenzi
Hakuna ubora wa jumla katika jambo hili, ndugu yangu. Ukumbini kuna picha ya kikundi kilichosimama na kuna mtu anayekuja mbio kukumbatia mwenzake. Nauliza tena kwa heshima: ni shughuli gani, lini, na ni nani mwingine atakayekuwa na kamera?

MwangazaMdogo
Sawa, nitasema. Ni harusi ya mdogo wangu, binti pekee nyumbani kwetu, na imebaki siku 9. Hakuna mpigapicha mwingine, kwa sababu mwenyewe amesema hataki mtu mgeni. Najua wengine mtasema nisingekubali, lakini nimeshakubali na siwezi kurudi nyuma. Kuhusu flashi, ipo moja ya manyuali niliyoijaribu wiki iliyopita kwa kasi ya shata ya 1/1000, na picha ikatoka safi kuanzia juu hadi chini. Ndiyo maana sioni upungufu wa manyuali, nahitaji tu mtu wa kunihakikishia.

BetriNne
Mkuu, umenikumbusha mbali. Kazi yangu ya kwanza ya ukumbini nilikwenda na flashi nzuri na betri za alkalini za kawaida, nikapiga kwa nguvu kamili tangu mwanzo. Baada ya muda kila picha ya pili ilikuwa giza, na nilidhani kamera imeharibika. Kumbe taa ndogo ya "tayari" iliyo nyuma ya flashi huwaka kabla kapasita, kile kinachohifadhi umeme wa mmweko, haijajaa kabisa, nami nilikuwa nikibonyeza mara tu inapowaka. Tangu siku hiyo natumia betri za kuchaji za NiMH. Zinaandikwa volti 1.2 dhidi ya 1.5 za alkalini, lakini hutoa umeme mwingi kwa haraka bila kulegea. Tena usipige ukumbini kwa ISO 100: ukienda 400, kazi iliyohitaji nguvu kamili inafanywa na robo tu, flashi inajaa upesi na haipati moto. Hili ni kweli kwa manyuali na kwa otomatiki vilevile.

DadaLenzi
Ahsante kwa kusema, ndugu, na hongereni kwa harusi. Sasa tunaweza kuzungumza.

Kinachotenganisha mifumo hii miwili ni umbali kati ya taa na mtu. Umbali ukiongezeka mara 2, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Mfikirie mdogo wako akiingia ukumbini akija upande wako, huku wewe umepanga flashi ya manyuali kwa ajili ya mita 4. Akifika mita 2 anapata mwanga mara 4 ya ule uliopanga, yaani stopu 2 zaidi (kila stopu ni mwanga mara 2), na lesi ya gauni inaungua hadi inaonekana kama karatasi tupu. Ili kuokoa picha hiyo ungepaswa kushusha nguvu kutoka 1/4 hadi 1/16 huku unarudi kinyumenyume, unalenga, na unamtazama usoni usipitwe na machozi yake. Wapo wanaoweza, lakini hawakujifunza kwa siku 9.

TTL hufanya kazi hiyo kwa niaba yako: kamera hutoa mmweko mdogo wa awali, hupima mwanga unaorudi kupitia lenzi, kisha huamuru mmweko wenyewe uwe mkubwa kiasi gani. Haina akili, hata hivyo. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera hudhani mwanga ni mwingi na kuupunguza, ukapata gauni la kijivu na nyuso zilizofifia; suti nyeusi ikijaa, hufanya kinyume chake. Nilipoteza picha nyingi kwa kosa hili kabla sijazoea kuongeza fidia ya flashi, yaani kuiamuru itoe zaidi ya kipimo cha kamera, kwa stopu 1 hivi kila ninapomkaribia bibi harusi.

Palipo na dari jeupe lililo chini, elekeza kichwa cha flashi juu. Utapoteza nguvu nyingi, stopu 2 au zaidi, lakini mwanga unakuwa laini, na hatua moja mbele au nyuma haiubadilishi sana kama mwanga wa moja kwa moja. Hapo hata manyuali inawezekana. Na kwa picha za vikundi manyuali ndiyo bora kabisa, kwa kuwa ukishapata kipimo kimoja kizuri picha zote zinafanana.

KivuliKirefu
Samahani wanajukwaa, lakini naona tunapotezewa muda. Mleta mada amesema mwisho wa kamera yake ni 1/200, kisha anasema alipiga kwa 1/1000 na picha ikatoka safi. Katika shata ya pazia jambo hilo haliwezekani kwa flashi ya manyuali tupu. Kupita ile kasi ya mwisho, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na kinachobaki wazi ni ufa unaopita mbele ya sensa inayonasa picha. Mmweko mmoja utaangaza ufa huo tu, na sehemu kubwa ya picha itakuwa nyeusi. Flashi zenye mfumo wa kasi ya juu hulikwepa tatizo hili kwa kutoa mimweko mingi mfululizo, na mfumo huo huhitaji kamera na flashi ziwe zinawasiliana. Kwa hiyo ama picha hiyo haipo, ama hadithi yote ya mdogo na harusi imetungwa na mtu mwenye flashi za manyuali za kuuza. Tumewaona wa namna hiyo hapa.

TunduPana
Mimi pia nilishangaa mtu mwenye siku 9 kuuliza swali la jumla. Mleta mada atujibu.

MzeeWaShata
Tusimhukumu mtu kabla hajasema. Lakini hoja ya shata ni ya kweli, mwanangu. Tueleze.

MwangazaMdogo
Sijatunga lolote, na imeniuma kuambiwa hivyo. Picha ya 1/1000 sikuipiga kwa kamera yangu. Niliipiga kwa kamera ndogo ya rafiki yangu, yenye lenzi isiyotoka. Sikuijaribu flashi hiyo kwenye kamera yangu kwa sababu niliogopa, na sababu ya kuogopa ndiyo jambo ambalo sikuwaambia.

Flashi hiyo ni ya marehemu baba. Alikuwa akipigia picha za familia kwa filamu, na tangu alipofariki imekuwa ndani ya kasha lake la ngozi. Mama aliitoa mwenyewe akaniambia angefurahi mwanga wa baba uwepo siku ya harusi ya binti yake. Nikamwahidi. Ina mguu wenye kipande kimoja tu cha chuma katikati, na mgongoni ina duara la namba lenye alama za njano na nyekundu. Mbele ina kijicho kidogo cha duara ambacho nilidhani ni taa iliyoungua. Nilitaka tu mniambie manyuali inatosha, basi.

FundiKapasita
Pole kwa msiba, ndugu, na ahsante kwa kusema. Nitaandika kwa urefu kidogo kwa sababu kuna hatari hapa.

Kwanza, suala la shata limekwisha. Kamera nyingi za aina hiyo ndogo zina shata iliyo ndani ya lenzi, ambayo hufunguka kutoka katikati na kuachia fremu nzima kwa mara moja hata kwenye 1/1000. Picha yako ni ya kweli, ila haitajirudia kwenye kamera yako.

Pili, kile kijicho si taa. Ni sensa ya kupima mwanga, na flashi ya mzee ni ya otomatiki tangu ilipotengenezwa. Unachagua rangi kwenye duara, unaweka tundu la lenzi na ISO vinavyotajwa na rangi hiyo, kisha sensa inatazama mwanga unaorudi kutoka kwa mtu na kuukata mmweko unapotosha. Huo ndio uotomatiki wa zamani, usiohitaji kamera kujua chochote. Kupima kupitia lenzi kulikuja baadaye. Kamera ya Olympus OM-2 ya mwaka 1975 ndiyo iliyotangulia kupima mwanga wa flashi unaorudi kutoka kwenye filamu yenyewe. Kwa hiyo swali lako la kwanza lilikuwa na majina mawili kwa vifaa vitatu.

Tatu, na hili ndilo zito: usiipachike juu ya kamera yako kabla ya kuipima. Baadhi ya flashi za zamani hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye kile kipande cha katikati. Zipo kamera ambazo kitabu chake kinaruhusu hadi volti 250, na zipo nyingine ambazo kiwango hicho kitaua saketi yake. Weka betri, iwashe, subiri taa ya tayari, kisha weka multimeta (kipimo cha umeme) kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), ncha moja kwenye kipande cha katikati na nyingine kwenye chuma cha pembeni mwa mguu. Usifungue kifuniko kwa sababu yoyote. Kapasita iliyo ndani hushikilia umeme wa kuumiza hata flashi ikiwa imezimwa.

MwangazaMdogo
Fundi, nakuheshimu, lakini ilipokuwa kwenye kamera ya rafiki yangu haikudhuru chochote. Na ahadi kwa mama ni ahadi. Je, siwezi kuivumilia kwa siku moja tu?

FundiKapasita
Ya rafiki yako ilinusurika, lakini hilo halikuambii chochote kuhusu yako. Ikiungua katikati ya harusi utakuwa huna flashi wala kamera. Pima kwanza.

MwangazaMdogo
Nimepima jioni hii. Multimeta imesoma volti 212. Kitabu cha kamera yangu hakitaji kiwango chochote, kinaonya tu dhidi ya flashi za volti kubwa. Nimeirudisha kwenye kasha.

KivuliKirefu
Ndugu, nakuomba radhi mbele ya wote. Nilikosea kukuita muuzaji. Na usiirudishe kasha bado. Kuna sensa ndogo za mwanga ambazo hupachikwa chini ya flashi na kuilipua pindi zinapoona mmweko mwingine. Zipo zilizotengenezwa kustahimili volti za flashi za zamani, ila hakikisha kwa muuzaji. Isimamishe kwenye stendi, mbali na kamera yako, bila waya wowote kati yao.

DadaLenzi
Hilo ni wazo zuri sana. Tafuta flashi ya TTL kwa ajili ya kuingia ukumbini na kukumbatiana. Karibu zote zina pia hali ya manyuali, hivyo hukulazimika kuchagua. Kwenye picha ya familia, badilisha hiyo mpya iwe manyuali, na flashi ya mzee ikae pembeni.

MwangazaMdogo
Nimepata flashi ya TTL ya kuazima na hiyo sensa, ambayo muuzaji amenihakikishia inabeba hadi volti 300. Tumejaribu sebuleni, mama akiwa amekaa kwenye kiti. Nilipoiwasha flashi ya baba ikaanza ule mlio wake mwembamba unaopanda inapojaa. Mama aliinua kichwa kabla sijasema neno, akaweka mikono mapajani kama anavyokaa kwenye picha zote za zamani.

Picha ya kwanza ilikuwa na giza upande wa kushoto, na ya pili hivyohivyo. Nilikumbuka kwamba mmweko wa awali wa TTL ndio uliokuwa ukiilipua ya baba mapema, kabla shata haijafunguka. Nikaweka mpya kwenye manyuali, 1/8, ya baba kwenye manyuali pia, mita 3 kutoka kitini, f/5.6, ISO 400. Picha ya tatu imetoka sawa pande zote mbili. Betri nimeziweka kwenye chaja.