Naombeni ushauri: niendelee kusubiri ajira, au nishike hiki nilicho nacho?

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nina miaka 29, niko Micheweni, Pemba. Nilimaliza shahada ya uhasibu Unguja 2021, nikajiwekea kwamba nikifika 30 niwe na ajira ya kudumu, nyumba na mke. Sina hata kimoja.

Usaili nimeitwa mara nne. Miezi 7 nilijitolea kwenye ofisi moja, nauli najitolea mwenyewe, mkataba haukuja.

Tangu mwaka jana namsaidia baba kwenye mikarafuu. Msimu huu daftari nilishika mimi: pishi (kipimo cha karafuu) za kila mchumaji, malipo, mpaka makonyo, vile vijiti vya karafuu. Jioni moja tunachambua karafuu barazani, vidole vinanata, bi mkubwa mmoja akaniambia, "Mwanangu, mwaka huu hakuna aliyelalamikia hesabu." Neno lile limenikaa. Nilifurahi kuliko siku ya mahafali, kisha usiku nikajiona nimeshindwa maisha.

Nimepanda miche 30, lakini mkarafuu huchukua miaka kadhaa kuanza kuzaa, na hata ukizaa si kila mwaka unajaa. Kwa hiyo sijidanganyi kwamba nitaishi kwa karafuu peke yake.

Naombeni mnisaidie mawili. Mtu anajuaje kwamba kitu kweli ni chake, si kwamba amechoka tu kutafuta? Na mliopitia haya, mlijipa muda gani kabla ya kuacha kuomba ajira, na wazee waliokusomesheni mliwaambiaje? Baba huniuliza kila Ijumaa tukitoka msikitini.