MREJESHO: Nimepima mlango wa kizazi

Wapendwa, mwezi wa tatu niliuliza hapa kama kuna haja ya kupima saratani ya mlango wa kizazi wakati siumwi chochote, nina miaka 38 na watoto watatu. Asanteni wote mlionishauri niende, hata yule aliyenigombeza.

Safari ya kwanza niliambulia patupu. Nilikuwa sijamaliza siku zangu, nesi akanirudisha. Hilo hakuna aliyenidokeza, kwa hiyo mnaofuata hesabuni tarehe kwanza. Wiki iliyofuata nikarudi kituo kilekile cha serikali, na ni bure kama mlivyosema. Kipimo chenyewe ni kupakwa siki kwa pamba, wanasubiri kama dakika moja kuona iwapo kuna sehemu imegeuka nyeupe. Harufu ni ya kachumbari, sisemi uongo.

Mimi ikageuka. Miguu ilitetemeka, lakini yule mama aliyenipima akanieleza taratibu kwamba ni mabadiliko ya awali, si saratani. Nikatibiwa palepale kwa kifaa cha joto. Maumivu kama ya hedhi, basi. Majimaji yalinitoka karibu wiki tatu, na tendo la ndoa marufuku wiki sita; mzee alinuna ila alitii. Narudi baada ya mwaka.

Ule ushauri wenu wa kumvuta na dada yangu akapime umegonga mwamba. Anasema asiyeumwa hajipeleki hospitali. Binti yangu wa miaka 12 ameshapata chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, siku hizi sindano ni moja tu.