pH ya tangi la samaki inashuka kila mara: nifanyeje itulie?

Mkazi wa Bwiru (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Nina tangi la kioo la lita 100 sebuleni kwangu hapa Bwiru, Mwanza, ambamo nafuga furu wadogo wa ziwani pamoja na gapi wachache. Kabla ya masika pH ilikuwa imetulia kwenye 7.4. Tangu mvua zilipoanza nimekuwa nikibadilisha maji kwa kutumia ya mvua, yanayotiririka kutoka kwenye bati hadi kwenye simtanki, kwa sababu hayana klorini na yanaonekana masafi kabisa. Sasa kipimo cha matone kinasoma 6.2, na furu wamekunja mapezi, wanajibanza nyuma ya mawe na chakula hawakigusi. Nilishauriwa dukani niweke magadi kidogo. Nilipoweka, jioni pH ilipanda hadi 8, lakini baada ya siku mbili ikarudi pale pale. Mawe niliyopanga ndani ni ya hapa hapa milimani kwetu, na chakula chao ni unga wa dagaa. Je, ipo njia ya kuituliza pH bila kutia kitu kila inaposhuka?

Mwalimu wa Nyegezi

Ndugu yangu wa Bwiru, pole kwa hao furu. Ningekusihi kwanza uache kuifukuzia namba ya pH, kwa kuwa pH inakuonyesha hali ya maji ya saa hiyo tu. Kinachoamua kama itabaki hapo kesho ni kiasi cha kaboneti na baikaboneti kilichoyeyuka ndani ya maji, na hicho kina kipimo chake, kile kilichoandikwa KH kwenye kisanduku. Chukulia kaboneti kama akiba ya unga ndani ya nyumba: kila siku inachotwa kidogo, na siku itakapokwisha ndipo utakapoona pH ikiporomoka, ingawa upungufu ulianza wiki nyingi nyuma.

Wanaoichota ni bakteria wa kwenye filta. Samaki wanapotoa uchafu, na unga wa dagaa unapobaki chini na kuoza, hutokea amonia, na bakteria hao wanapoigeuza kuwa nitraiti na kisha nitreti, huzalisha asidi. Kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa, huliwa takriban miligramu 7 za alkalini, yaani ile akiba ya kaboneti inayozima asidi, kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti. Maji yanayoongezwa yakiwa na kaboneti, pengo hilo huzibwa bila wewe kujua. Maji ya mvua hayana karibu chochote cha kuziba nacho, kwa hiyo kila ndoo unayomimina inaipunguza zaidi akiba iliyosalia. Mawe yetu ya Mwanza nayo hayasaidii, kwa kuwa ni matale, na matale hayatoi kaboneti.

Kuhusu magadi, tafadhali yaache. Yana sodiamu kaboneti inayorusha pH juu kwa ghafla, ubora wake hutofautiana kutoka fungu moja hadi jingine, na baadhi yana floraidi nyingi. Rudi kwenye maji ya bomba, ambayo kwetu hutoka ziwani. Yaweke kwenye ndoo usiku kucha huku pampu ya hewa ikifanya kazi ili klorini itoke, kisha ubadilishe robo ya tangi kwa wiki. Pima KH ya bomba, ya simtanki na ya tangi, uje utuambie.

Mama wa Igombe

Nakubaliana na Mwalimu. Mimi naongeza makombe ya konokono na ya kome, yale makavu yanayotapakaa ufukweni. Usiyaokote majini, maana kichocho kipo kwenye kingo zetu. Yasugue, yachemshe, kisha yatie kwenye mfuko wa wavu na uuweke ndani ya filta, mahali maji yanapopita kwa nguvu. Uzuri wake ni kwamba maji yakiwa na asidi huyeyuka kwa haraka zaidi, na pH ikikaribia 8 karibu yanaacha kuyeyuka, hivyo si rahisi kupitiliza.

Kama hujui jiwe au kombe lipi lina kaboneti, lidondoshee siki. Kombe litatoa vipovu vidogo vinavyochemka na kusikika ukilisogeza sikioni, ilhali jiwe la mlimani litalowa tu na kunyamaza.

Fundi wa Filta, Igoma

Tahadhari moja, na naomba isipuuzwe. Pima amonia kabla ya kupandisha pH. Kwenye nyuzi joto 25, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu ni takriban asilimia 0.6 pH ikiwa 7, na hufika karibu asilimia 5 pH ikiwa 8. Tena pH ikishuka chini ya 6.5 bakteria wa filta huzubaa, kwa hiyo huenda amonia imeshajikusanya, na mtu akipandisha pH kwa mkupuo samaki hufa usiku huo huo huku maji yakionekana safi.

Mkazi wa Bwiru

Ahsanteni sana. Nimepima: bomba KH ni digrii 3, simtanki ni chini ya digrii 1, na tangi pia ni chini ya digrii 1. Amonia ipo kidogo. Nimesoma mtandaoni kwamba samaki wa jamii hii wanataka pH ya karibu 9. Niipandishe hadi huko?

Mwalimu wa Nyegezi

Hapana, ndugu yangu. Ushauri huo unawahusu samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana kaboneti nyingi na pH ya karibu 9. Ziwa letu lina maji laini zaidi, na pH yake hubadilika sana kulingana na eneo, kina na saa. Furu wako watakaa vizuri kati ya 7.2 na 8, mradi isiyumbe.

Kwa kuwa amonia ipo, badilisha sehemu ndogo ya maji kila siku kwa wiki moja, na upunguze unga wa dagaa hadi kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Amonia ikiisha, weka makombe ya Mama wa Igombe. Kama KH itabaki chini ya digrii 4, tumia sodiamu baikaboneti safi ya kuokea, wala si baking pauda, ambayo imechanganywa na asidi. Gramu 5 katika lita 100 huongeza takriban digrii 1.7. Anza na nusu yake, iyeyushe kwanza kwenye kikombe, uimimine polepole, kisha usubiri hadi kesho yake kabla ya kuongeza.

Upimaji wako pia ufanyike saa ile ile kila siku. Alfajiri pH huwa chini kwa sababu ya kaboni dayoksaidi iliyojikusanya usiku, na umeme ukikatika pampu ya hewa ikasimama, hushuka zaidi. Kushuka kwa namna hiyo hakuhitaji dawa, bali kuirudisha hewa.