Tupeane uzoefu: sehemu ya ajabu uliyofika bila kupanga

Dereva wa Tunduma
Wakuu, salaam. Hapa sitaki stori za watalii. Nawataka waliofika mahali pa ajabu kwa sababu ya kazi, msiba, uchumba au gari bovu. Naanza mimi.

Miaka sita nimepita Mbozi nikienda Tunduma na kurudi, na kibao cha Kimondo nilikuwa nakiona kama ninavyoona vibao vya gesti. Siku hiyo klachi ikanifia njiani, spea inasubiriwa kutoka Mbeya, utingo amelala chini ya tela. Nikachukua boda hadi kijijini Ndolezi, ili mradi siku iende.

Nilitegemea kukuta jiwe. Kumbe ni chuma! Urefu kama mita 3, rangi ya sufuria iliyopikiwa kuni miaka na miaka, na mgongoni kina vibonyeo kama vya mtu aliyebonyeza unga kwa vidole. Nikakigonga kwa ufunguo wa gari, kikalia kama nimegonga chesisi. Zaidi ya asilimia 90 ni chuma, kinachobaki sehemu kubwa ni nikeli. Uzito wanabishana, kuna wanaosema tani 12, kuna wanaosema 16. Mimi mizigo ndiyo kazi yangu. Nilikizunguka mara mbili nikasema hiki, winchi ya kawaida haikigusi.

Kwenye maandishi kiliingia 1930, ila wenyeji walikuwa nacho siku zote. Ncha moja ina alama ya msumeno, kuna waliokata kipande wakapime. Halafu wakachimba kukizunguka, ndipo wakakijengea msingi wa zege. Kilichoniacha hoi ni kwamba pale hakuna shimo. Tani zote hizo zimetoka angani, na ardhi imekaa kimya kama haikuguswa. Wataalamu wanasema kilianguka zamani mno, hadi alama zikafutika.

Haya, nani anafuata?

Kaa la Moto
Nimeweka kambi. Mkuu ulivyogonga kwa ufunguo hakuna aliyefungua? 😂

Binti Kiboriloni
Yangu iliniletea aibu. Wenzangu wa chuo walipanga kwenda Ol Doinyo Lengai, mmoja akaugua, hela ya gari ilishalipwa, nikaambiwa ziba pengo. Mimi ni wa Moshi, nikasema mlima wa mita 2,900 na kitu nitaushindwaje, na nyumbani tunautazama wa 5,895 kila asubuhi tukipiga mswaki?

Tulianza kupanda saa sita usiku ili jua lisitukute juu. Ule si mlima, ni ukuta wa majivu. Unakanyaga, mguu unarudi. Nilikuwa na buti la kuazima, la maana kweli. Mwongozaji wetu, kijana wa Kimasai, alikuwa na makatambuga ya tairi, tena anapanda huku anapiga stori. Nilipofika kileleni nilikuwa natambaa kwa mikono, bila utani.

Ila juu kule! Lava ya Lengai hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa. Ina kaboneti na sodiamu, joto lake kama nyuzi 500 hivi, wakati lava nyingine zinavuka 1,000. Kwa hiyo hata haing'ai kwa wekundu kama tunavyoona kwenye televisheni. Inatoka nyeusi, nyepesi kama oili chafu ya gari, halafu ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Mchana ukiuangalia mlima kutoka mbali unaapa kuna theluji. Mmoja wetu aliapa kweli.

Kucha mbili za miguu ziliota upya baada ya miezi. Buti nililirudisha bila kusema kitu.

Mtoto wa Goma
Bandugu, mimi sikufika mahali pa ajabu, nilizaliwa ndani yake. Sisi tunakaa chini ya Nyiragongo. Nyumba ya mama yangu imesimama juu ya lava ya 2002, na ukuta wa uwanja ni mawe ya lava ileile. Moto ulikula nyumba ya kwanza, mawe yake tukajengea ya pili.

Tarehe 22 Mei 2021, ilikuwa Jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu kama mtu amewasha taa nyuma ya mawingu. Watu wakaanza kutembea, wengine kuelekea Sake, wengine mpaka wa Rwanda. Hakuna aliyengoja kuambiwa. Mimi nilisukuma chukudu ya jirani, imebeba godoro, sufuria na bibi yake juu. (Kwa wasiojua: chukudu ni kama baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, ndiyo lori letu.) Asubuhi tukasikia lava imesimama Buhene, pembeni kabisa ya mji.

Lakini kitu kinachoniogopesha zaidi si ule moto. Ni mazuku. Ni hewa inayotoka ardhini, kabonidayoksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaa kwenye mabonde kama maji ambayo huyaoni. Mbuzi anashuka kula majani, anaanguka. Mtu mrefu anaweza kupita salama, mtoto au aliyeinama asipite. Tukiwa wadogo tulikatazwa kufuata mpira ukiingia shimoni asubuhi mapema. Wanasayansi wa dunia nzima sasa wanaandika "mazuku" hivyohivyo, neno letu.

Kaa la Moto
Aisee. Utani wangu nauweka mfukoni. Poleni sana ndugu yetu.

Mke wa Mtu Muscat
Assalaam alaykum. Dereva, umenikumbusha kitu. Mie nimeolewa huku Oman, na ukweni wazee wanasema Kiswahili cha Unguja kuliko mimi. Mwaka wa kwanza tulikuwa twenda Sur kwenye msiba, njiani shangazi wa mume wangu akasema, "Tusimame hapa, mwari aone shimo la nyota."

Wenyewe waliita Hawiyat Najm. Ni shimo hasa, uwanda mkavu, vumbi tupu, mara ardhi imekatika na chini kuna maji ya rangi ya kijani na buluu. Unashuka kwa ngazi. Shangazi akavua viatu, akakaa kwenye jiwe na buibui lake, akatia miguu. Samaki wadogo wakaja kumdonoadonoa nyayo, naye anacheka kama mtoto, na sote tumevaa nguo za msiba! Mie nilipotia yangu nilipiga ukelele mpaka Wazungu wakageuka.

Akanambia hapo ndipo ilipoanguka nyota. Mume wangu akasema siyo, ni mwamba wa chokaa ulioliwa na maji chini kwa chini mpaka dari likaporomoka. Shangazi akamwangalia tu.

Dereva wa Tunduma
Dada Muscat, umeniua! Kwa hiyo nyie mna shimo ambalo halikuwahi kuwa na nyota, na sisi Mbozi tuna nyota iliyopoteza shimo lake. Msalimie shangazi, mwambie nyota yake iko huku.

Mwalimu wa Kisiwani
Fupi. Nilipangiwa Mafia nikalia wiki nzima. Desemba mvuvi mmoja akanichukua mashuani, samaki mkubwa kuliko mashua akapita chini yetu taratibu, mgongo mzima una madoa meupe. Nikashika ubao nikaanza Ayatul Kursi. Mvuvi anavuta kamba huku anasema, "Tulia mwalimu, huyo papa shilingi, hana shida na mtu." Kwa wenyeji, Mungu alimmwagia sarafu mgongoni. Anakula vijidudu vya majini tu.

Barua ya kuomba uhamisho bado ninayo. Sijaipeleka, mwaka wa nne huu.

Binti Kiboriloni
Mwalimu, nauli ya boti kutoka Nyamisati siku hizi ni bei gani?