Nyusi zilizonyonyoka na upasuaji wa kuzipandikiza: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi
Wakuu, humu kuna watindaji, manesi wa ngozi na watu wa chumba cha upasuaji. Wekeni yale mnayoyaona kazini ambayo wateja huambiwa wakiwa wameshachelewa. Bei na matangazo ya kliniki yabaki nje.

Fundi Wanja
Mimi swali la kwanza: zilikuwa zinatindwa kwa kifaa gani? Wembe hukata juu ya ngozi, mzizi unabaki salama. Uzi, nta na kibanio hung'oa unywele mpaka shina. Sehemu ileile ikinyonyolewa miaka na miaka, unywele hurudi mwembamba, mwishowe haurudi. Mteja aache kung'oa miezi 6 ndipo ahesabu kilichobaki. Wengi hushindwa mapema, vinyweleo vikianza kutokeza ovyo chini ya ukingo. Hivyo avipitishie wembe mdogo tu. Na mwenye historia ya makovu ya keloidi, yale yanayovimba na kutuna, asichanjwe tatuu ya nyusi, hata akibembeleza.

Nesi wa Ngozi
Fundi, shikamoo. Naongezea upande wa magonjwa, maana nyusi mara nyingi ni dalili tu.

Theluthi ya nje ikipungua pande zote mbili, na mtu analalamika uchovu, baridi na choo kigumu, apime tezi ya thairoidi. Hapa kuna mtego: vidonge vya bayotini, vile vile vinavyouzwa kukuzia nywele, huvuruga baadhi ya vipimo vya TSH, homoni inayopimwa kujua hali ya tezi hiyo, na tezi mbovu ikaonekana nzima. Aviache angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na amwambie mtu wa maabara.

Mabaka laini yasiyo na kovu huelekea alopesia areata, yaani kinga ya mwili kushambulia mizizi ya nywele. Nyusi zikitoka huku nywele za mbele ya kichwa zikirudi nyuma, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, hofia ugonjwa unaoua mizizi kwa kovu; huo unatibiwa kuzuia usiendelee, ulichoua hakirudi. Ngozi ya uso ikinenepa, au kukiwa na baka mwilini lisilohisi mguso, fikiria ukoma: dawa ni bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina. Kaswende hatua ya pili nayo hunyonyoa nyusi. Kwa Tanzania, asiyepata jibu karibu aombe rufaa kwa madaktari wa ngozi. Hospitali ya KCMC, Moshi, wana kituo kizima cha fani hiyo.

Sindano na Hadubini
Nesi kanirahisishia. Ukipandikiza wakati ugonjwa unaendelea, unaulisha nywele mpya. Ule wa makovu husubiriwa utulie angalau miaka 2, na hata hapo vipandikizi vinaweza kuisha polepole.

Upandikizaji wenyewe si mpya. Daktari Okuda wa Japani aliuandika mwaka 1939. Nywele hutolewa kisogoni au nyuma ya sikio, zilipo nyembamba. Ushi uliokwisha kabisa huchukua vipandikizi 200 hadi 300 hivi, mkia pekee 50 hadi 150, na kila kimoja kiwe na unywele mmoja tu. Kikiingia chenye miwili au mitatu, ushi unakuwa kama brashi ya viatu.

Idadi haiharibu kazi sana kama pembe. Tundu hutobolewa karibu kulala na ngozi, pembe ya nyuzi 10 hadi 15. Kichwani mwa ushi, upande wa pua, nywele huelekea juu. Katikati za juu hushuka na za chini hupanda, zikutane. Mkiani zote huelekea sikioni. Daktari akisimamisha pembe, nywele zinachomoza mbele na hakuna gundi ya kuzilaza.

Kwa nywele zetu za kipilipili kuna kazi mbili zaidi. Mzizi umejipinda ndani ya ngozi, hivyo kisu cha duara kikishuka wima kinaukata katikati na kipandikizi kimekufa kabla hakijatoka. Kisha kila unywele ugeuzwe mpaka mviringo wake uinamie ngozi. Muulize daktari akuonyeshe nyusi za wateja wenye nywele kama zako, zilizopigwa picha baada ya mwaka. Picha za siku ya upasuaji hazikuambii kitu.

Mdau wa Muscat
Baada ya hapo je? Wengi wanaenda kupandikizwa Istanbul, Uturuki, wakirudi hakuna wa kumuuliza.

Sindano na Hadubini
Kope huvimba siku 2 hadi 5. Alale kichwa kimeinuka. Vigaga huanguka vyenyewe ndani ya wiki hivi, na akivibandua mapema anang'oa na kipandikizi. Usaha, homa au maumivu yanayozidi ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya 2 hadi ya 4 nywele zilizopandikizwa hunyonyoka karibu zote. Hapo ndipo simu za kilio huanza, na si kosa la mtu: mzizi umebaki. Huota tena mwezi wa 3 au wa 4, sura kamili mwezi wa 9 hadi 12.

Fundi Wanja
Na mkasi usisahaulike. Unywele wa kisogoni haujui kwamba umehamia usoni. Unaendelea kurefuka kama wa kichwani. Kila wiki moja au mbili uchane kuelekea juu kwa kibrashi, kata ncha zilizozidi, kisha ulaze kwa jeli. Kwa kibanio, marufuku.