Woffinden na Peter Craven, nani zaidi?

Swali
Wadau habari zenu, mi ni mgeni kwenye spidwei, zile mbio za pikipiki za kuzunguka uwanja, ila imeshanikamata vibaya. Tai Woffinden ana ubingwa wa dunia mara 3, 2013, 2015 na 2018, hakuna Muingereza mwingine aliyefika hapo. Sasa mbona wazee bado wanamtaja Peter Craven mwenye 2 tu, 1955 na 1962? Na kingine, Woffinden 2010 alikuwa mkiani kwenye Grand Prix, yaani ule mfululizo wa mbio za kutafuta bingwa wa dunia, 2013 akawa bingwa, ilikuwaje?

Jibu
Usihesabu makombe tu ndugu yangu. Enzi za Craven ubingwa ulikuwa usiku mmoja Wembley, mbio zako 5 basi, ukianguka moja au injini ikizima ndo imetoka hiyo, subiri mwakani. Siku hizi pointi zinakusanywa msimu mzima, ukiboronga leo unafidia mbele. Halafu Craven alifariki Septemba 1963, ana miaka 29 tu, alianguka Edinburgh akimkwepa mwenzake aliyekuwa chini. Bingwa mtetezi wa Uingereza nzima, akaondoka hivyo. Kwangu mimi huyo ndo namba moja.

Jibu
Hapo kwa Craven siwezi kubisha, ila 2010 ya Woffinden mtu asiisome kwa pointi. Baba yake Rob, naye alikuwa dereva wa spidwei, alifariki kwa kansa Januari mwaka huohuo, dogo ana miaka 19 na ndo msimu wake wa kwanza mzima kwenye Grand Prix. Nani angetulia? Akatoka, akajipanga, na 2013 yenyewe alivunjika mtulinga katikati ya msimu na bado akaendelea. Jamani elewa hiyo pikipiki ilivyo, 500cc, gia moja, breki haina kabisa, kona unaiingia kwa kuserereka mguu wa kushoto unaburuza kiatu cha chuma na uzito wote unaubeba kwa mikono na mabega, sasa fanya hivyo na mfupa uliofungwa skrubu. Mi nilikuwa naangalia huku nimeziba uso.

Muuliza swali
Ya baba yake sikuijua kabisa, asanteni. Kwa hiyo hata ile ajali yake ya Poland Machi 2025, mifupa kibao, asiyemjua ndo atasema kaisha.

Jibu
Asirudi hata, atembee tu vizuri na alee watoto wake. Makombe matatu yanamtosha.